Vinara wa Msuguano Kariakoo

Kila kinachouzwa katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, kimefika pale kwa kushindana na msuguano, na kimetulia pale kwa kusaidiwa nao. Robota la mitumba limeburutwa, gunia limepandishwa begani, mkokoteni umesukumwa kutoka Gerezani hadi Mtaa wa Kongo, boksi limefungwa kwa mpira wa tyubu lisiporomoke njiani. Bila msuguano mzigo usingekaa begani, fundo lisingeshika, na mguu usingepata pa kukanyaga. Ukizidi, beringi zinalika, mafuta yanateketea na mgongo wa mtu unachakaa kabla ya wakati.

Orodha hii inawataja vinara: anayeteleza kuliko wote, anayeshika kuliko wote, anayekula sana, anayeua haraka. Kipimo chetu ni chepesi. Chukua nguvu inayotakiwa kukiburuta kitu, igawanye kwa uzito wa kitu chenyewe. Robota la kilo 45 linalohitaji nguvu ya kilo 27 kuburutwa sakafuni lina kipimo cha 0.6. Kadiri kipimo kinavyokaribia sifuri, ndivyo kitu kinavyoteleza. Kinavyokaribia 1, ndivyo kinavyong'ang'ania. Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons alieleza kwamba msuguano hufuata uzito, wala haujali sana ukubwa wa sehemu zinazogusana. Makuli wa Kariakoo wanalijua hilo kwa mikono yao: ulilaze robota au ulisimamishe, jasho la kuliburuta ni lile lile. Wanajua pia kwamba kuling'oa pale lilipokaa ni kazi kubwa kuliko kuliendeleza likishaanza kwenda.

Anayeteleza kuliko wote njiani: ganda la ndizi

Mwaka 2014 Kiyoshi Mabuchi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kitasato, Japani, walipewa tuzo ya Ig Nobel, inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Walikuwa wamepima utelezi wa ganda la ndizi chini ya kiatu. Jibu lilikuwa takribani 0.07, yaani kiatu juu ya ganda kinashika mara kadhaa pungufu ya kiatu juu ya sakafu tupu. Siri iko ndani ya ganda: ukilikanyaga, vifuko vidogo vinapasuka na kutoa ute unaotanda chini ya soli.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Kwa mtu aliyebeba kilo 50 kichwani akipita katikati ya umati wa Mtaa wa Kongo, umbali kati ya hayo mawili ni mfupi sana. Ganda linalotupwa chini na mnunuzi aliyeshiba ni shingo ya mbeba mzigo iliyowekwa rehani.

Kiungo laini kuliko mashine: goti

Ganda la ndizi ni laini, lakini goti la mtu mzima mwenye afya ni laini zaidi. Mifupa inapokutana gotini imefunikwa gegedu, na kati yake kuna majimaji mazito yanayofanya kazi ya oili. Kipimo cha msuguano humo huweza kushuka chini ya 0.01. Barafu juu ya barafu haifikii hapo kwa urahisi, wala Teflon, ile plastiki ya vikaango visivyogandisha, iliyogunduliwa na Roy Plunkett tarehe 6 Aprili 1938.

Teflon yenyewe ilitoa funzo kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari Mwingereza John Charnley alitengeneza nyonga za bandia akitumia Teflon, kwa kuwa ilikuwa laini ajabu. Baada ya miaka michache zililika, na vumbi lake likawadhuru wagonjwa. Mwaka 1962 akahamia poliethilini, plastiki isiyo laini kama Teflon lakini inayovumilia kusagwa, na nyonga zikadumu. Laini na imara ni sifa mbili tofauti, na anayenunua vipuri Gerezani kwa kuangalia mng'ao peke yake huja kulijua hilo barabarani.

Gegedu likilika halioti upya kama ngozi. Kijana anayebeba magunia kuanzia alfajiri anatumia mashine bora kuliko zote zilizoko sokoni, na duka la vipuri vyake halipo.

Mshikaji wa ajabu: mjusi kafiri

Kwenye dari ya karibu kila duka kuna mjusi kafiri anayetembea kichwa chini miguu juu bila gundi. Jamii hiyo ya mijusi ina vinyweleo vidogo mno nyayoni. Katika aina kubwa iliyochunguzwa zaidi, kila mguu una karibu nusu milioni, na kila kinyweleo kinagawanyika ncha mamia. Mwaka 2000 Kellar Autumn na wenzake nchini Marekani walipima nguvu ya kinyweleo kimoja na kuonyesha jinsi ncha hizo zinavyousogelea ukuta kiasi kwamba chembe za mguu na chembe za ukuta zinavutana. Mnato na msuguano hufanya kazi pamoja: mguu ukivutwa upande mmoja unashika, ukiinuliwa kwa pembe nyingine unaachia. Kwenye Teflon kavu mjusi huyo anashindwa. Kwenye dari ya Kariakoo hana mpinzani.

Aliyejificha kuliko wote: uzi wa kitenge

Ingia Mtaa wa Uhuru, uone khanga na vitenge vilivyopangwa hadi darini. Kitambaa chote kile kimeshikwa na msuguano. Pamba ya Usukumani ina nyuzi fupi, nyingi za sentimita mbili na nusu hadi tatu. Hakuna gundi inayoziunganisha. Kinu kinazipanga na kuzisokota, na msokoto huo unazibana zishikane. Ukivuta uzi, msokoto unakaza zaidi, msuguano unaongezeka, na nyuzi hizo fupi zinakuwa uzi mrefu wa kufika Chalinze. Galileo alilichunguza jambo hili katika kamba, na akaliandika katika kitabu chake cha mwisho cha mwaka 1638.

Kiwanda cha Urafiki, kilichoanza mwaka 1968 kando ya Barabara ya Morogoro, kiliwavalisha Watanzania kwa kazi hiyo hiyo: kukaza msuguano kati ya nyuzi. Fundi cherehani anapopiga mshono, mama anapofunga pesa kwenye pindo la khanga, wote wanaitegemea nguvu hiyo ambayo hakuna anayeiona.

Nguvu ndogo inayozuia mzigo mkubwa: kamba iliyozungushwa

Bandarini, umbali mfupi kutoka sokoni, mtu mmoja anaweza kuituliza meli kwa kuzungusha kamba kwenye nguzo ya gati. Kila mzunguko hauongezi nguvu tu, unaizidisha. Tuchukue msuguano wa 0.3 kati ya kamba na nguzo. Mizunguko mitatu inafanya nguvu ya kilo 1 upande wa mkono izuie karibu kilo 285 upande wa chombo. Kilo 10 za mkono zinazuia takribani tani 2.8. Mabaharia wa majahazi walikuwa wakifanya hivyo karne nyingi kabla mtu hajaandika hesabu yake. Anayefunga mzigo juu ya guta na kuzungusha mpira wa tyubu mara tatu badala ya moja anafuata kanuni ile ile.

Mkongwe kuliko wote: moto wa kupekecha

Kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe bado wanawasha moto kwa kupekecha kijiti kikavu juu ya kipande cha mti mpaka vumbi la mti ligeuke kaa. Kiberiti kinachouzwa kila kioski cha Kariakoo ni mjukuu wa kijiti hicho. Mwingereza John Walker, mwenye duka la dawa katika mji wa Stockton-on-Tees, alianza kuuza viberiti vya kusugua mwaka 1827. Mwaka 1844 Gustaf Erik Pasch wa Sweden alitenganisha kemikali, nyingine kichwani mwa njiti, nyingine ubavuni mwa kiberiti, ili moto usizuke wenyewe mfukoni. Mkwaruzo mmoja unatoa joto la kutosha kuamsha fosforasi nyekundu. Msuguano ulimpikia binadamu chakula kabla ya kumpa gurudumu.

Anayeviringika kwa wepesi: gurudumu la treni

Stesheni ya reli ya kisasa, SGR, iko jirani kabisa na Kariakoo. Safari za Morogoro zilianza Juni 2024, na tarehe 1 Agosti mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua rasmi huduma hadi Dodoma. Treni hizo za umeme zimejengwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa.

Gurudumu la chuma linagusana na reli mahali padogo, karibu sawa na ukucha wa kidole gumba. Kwa kuwa chuma hakibonyei sana, nguvu ya kuviringisha behewa la tani 1 kwenye reli tambarare ni kilo 1 au 2 tu. Tairi la mpira kwenye lami linahitaji karibu mara kumi ya hiyo. Hapo ndipo ulipo unafuu wa kusafirisha mzigo kwa reli, tangu Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905 hadi leo.

Unafuu huo una bei yake. Chuma juu ya chuma kinashika kidogo, na mvua inapunguza zaidi. Ndiyo maana vichwa vya treni katika nchi nyingi hubeba mchanga wa kumwaga mbele ya magurudumu. Treni iliyo kwenye kilomita 160 kwa saa huhitaji takribani kilomita moja, pengine zaidi, kusimama. Dereva anayekuona relini hawezi kukuokoa hata akitaka kwa moyo wake wote.

Mlafi kuliko wote: injini kwenye foleni

Utafiti wa Kenneth Holmberg na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, ulikadiria kwamba karibu theluthi moja ya mafuta ya gari dogo huishia kupambana na msuguano: pistoni ndani ya silinda, gia, tairi, breki. Mwaka 2017 yeye na Ali Erdemir walipiga hesabu ya dunia nzima, viwanda na usafiri pamoja, wakapata kwamba takribani asilimia 23 ya nishati yote inatumika kushinda msuguano na kurekebisha vilivyolika.

Kwenye foleni ya Mtaa wa Msimbazi ulafi huu unaonekana. Gari linaenda mita ishirini, linafunga breki, na mwendo ulionunuliwa kwa petroli unageuka joto. Njia za mabasi yaendayo kasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016 yakiunganisha Kimara, Kivukoni, Morocco na Gerezani, zina faida hii isiyosemwa sana: basi linaloruhusiwa kwenda bila kusimama ovyo linapoteza kidogo kwenye breki zake. Dawa nyingine ni rahisi zaidi. Oili ibadilishwe kwa wakati, na tairi lijazwe upepo unaostahili, maana tairi laini linabonyea kila linapozunguka na kila kubonyea kunalipiwa kituo cha mafuta.

Moto mkali kuliko wote: breki za lori mteremkoni

Mizigo mingi ya Kariakoo inaendelea bara kwa barabara, na wanaokwenda Iringa, Mbeya na Tunduma hupita mlima Kitonga. Kwa kila mita ambayo lori linashuka, nishati yake lazima iende mahali. Lori la tani 30 likishuka kimo cha mita 100 kwa breki peke yake linazalisha joto la kuchemsha takribani lita 90 za maji. Maji yenyewe hayapo. Joto lote linaingia kwenye pedi na dramu za breki. Zikipata joto kupita kiasi zinapoteza ushikaji, dereva anakanyaga na gari haliitiki.

Madereva wazoefu hushuka kwa gia ndogo, ile ile ambayo wangepandia, ili injini ibebe sehemu ya kazi na breki zibaki za akiba. Anayeweka gari frii ili kuokoa mafuta anaikabidhi breki kazi yote, na breki ina mwisho wake. Vifo vinavyotokana na breki kushindwa hivyo vinaweza kuzuiwa. Kuviita bahati mbaya ni kuwakosea marehemu.

Muuaji wa ghafla: mvua ya kwanza na tairi kipara

Wengi huogopa mvua kubwa. Kinachostahili kuogopwa zaidi ni dakika za mwanzo, baada ya wiki za ukavu. Oili iliyodondoka, vumbi na chembe za mpira vimelala juu ya lami. Matone ya kwanza yanavikoroga kuwa ute, kabla mvua yenyewe haijanyesha kiasi cha kuvisafisha.

Hesabu inatisha kwa urahisi wake. Gari la kilomita 50 kwa saa, kwenye lami kavu yenye kipimo cha 0.7, linasimama ndani ya mita 14 tangu breki zishike. Lami ikilowa na kipimo kushuka hadi 0.4, zinatakiwa mita 25. Kwenye tope la 0.2 ni karibu mita 50. Ongeza mita 14 nyingine za sekunde moja ambayo dereva anaitumia kuona na kuamua.

Mifereji ya tairi ina kazi moja kubwa, kuyaondoa maji ili mpira uiguse lami. Tairi kipara halina pa kuyapeleka, hivyo gari linapanda juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi kama umekatika. Katika Umoja wa Ulaya mfereji wa tairi la gari dogo usiofika milimita 1.6 hauruhusiwi barabarani. Kwa bodaboda mwenye tairi mbili tu na abiria nyuma, tairi kipara ni deni analomkopea mtu mwingine. Na breki zikanyagwe kwa hatua: gurudumu linaloendelea kuzunguka linashika kuliko lililogandishwa likawa linaburutwa.

Uchafu usiosemwa: vumbi la tairi

Mpira unaolika haupotei. Uchunguzi mmoja uliotolewa mwaka 2017 ulikadiria kuwa vumbi la tairi duniani ni wastani wa kilo 0.81 kwa kila mtu kwa mwaka. Mwaka huo huo Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilikadiria kuwa asilimia 28 ya chembe ndogo za plastiki zinazoingia baharini zikiwa tayari chembe zinatokana na tairi. Mvua inapoiosha mitaa ya Kariakoo, maji yanaelekea Jangwani, Mto Msimbazi na hatimaye Bahari ya Hindi. Wanaotengeneza katambuga kwa tairi zilizochakaa wanatufanyia hisani mara mbili: wanaliondoa tairi jalalani, na wanampa mnunuzi soli inayoshika chini kuliko kandambili nyingi.

Mshindi wa jumla: beringi iliyopakwa grisi

Taji la orodha hii linakwenda kwa kitu kidogo cha chuma kinachouzwa Gerezani. Chukua mzigo wa nusu tani. Ukiuburuta juu ya lami unahitaji nguvu ya takribani kilo 250 au zaidi. Uweke juu ya mkokoteni wenye tairi zilizojaa upepo na beringi zenye grisi, nguvu inashuka hadi kilo 7 au 8 kwenye njia tambarare. Uingize mkokoteni ule ule kwenye mchanga mkavu au tope, inapanda tena kufikia kilo 100 na kuzidi. Wamisri wa kale walilijua tatizo la mchanga: mchoro wa kaburi la Djehutihotep, wa takribani mwaka 1900 kabla ya Kristo, unamwonyesha mtu akimwaga maji mbele ya sanamu kubwa inayoburutwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walithibitisha kwamba maji ya kiasi sahihi hupunguza karibu nusu ya nguvu ya kuburuta mchangani.

Kariakoo imebeba jina la kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Waafrika waliobeba kwa miili yao vitu ambavyo hakukuwa na gurudumu la kuvibeba. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa kuchoka, njaa na maradhi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye kazi imebaki pale pale, na kanuni ni ile ile: msuguano hausamehe, lazima ulipwe na mtu. Tajiri mwenye mzigo akibana pesa ya grisi, anayelipa ni anayesukuma. Barabara ya mtaani ikiachwa na mashimo, anayelipa ni yeye. Mwenye gari akibaki na tairi kipara, anayelipa ni anayevuka barabara.

Basi kazi iko wazi. Mwenye mkokoteni afungue beringi, azisafishe mchanga na kuzipaka grisi kabla hazijaanza kulia. Mfanyabiashara anayeukodi aulize habari ya beringi kama anavyouliza bei ya kukodi. Halmashauri iweke lami na taa katika vichochoro vya kupakilia mizigo kabla ya kupendezesha barabara za mbele. Askari wa usalama barabarani wapime mifereji ya tairi kwa ukali ule ule wanaokagua leseni. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji ugunduzi mpya, na kila moja linapunguza uzito juu ya bega la mtu anayeilisha Dar es Salaam.